Maji ya Mwezi Kumi na Sita

Mapango ya pwani ya Kilifi hayaingiliki kila siku. Ni mashimo yaliyochimbwa na bahari chini ya ukingo wa matumbawe, na midomo yake kwa kawaida huwa imezama. Katika mwezi mzima kuna siku chache tu za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ambapo maji hukupwa mno hata mtumbwi ukaweza kupita chini ya mwamba. Saa ya kupita huhesabiwa kwa mwezi. Mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu uandame, maji hufika chini kabisa kama saa nne na robo asubuhi. Kumi na sita ni saa tano. Kumi na saba ni saa sita kasorobo. Kila siku inachelewa kidogo kuliko ya jana yake. Mtu wa huko akijua leo ni mwezi ngapi, ameyajua maji.

Nilijifunza hayo mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na miaka ishirini na ushee. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne huko bara, nikateremka pwani kutafuta kazi. Nilikaa Magarini msimu mmoja nikipalilia mananasi ya watu, halafu Malindi, jikoni kwenye hoteli ya Wataliani, ambako nilijifunza lugha yao kwa kukaripiwa. Kisha nikahamia Kilifi. Sikuwa na sababu ya kuhama. Nimehama mara nyingi tangu siku hizo, na sasa nimepita arobaini, lakini bado sababu sijaipata.

Hoteli ya Kilifi iliniajiri kwa ajili ya ile lugha. Kazi yangu ilikuwa kuandamana na wageni wa Kitaliani kwenye safari zao na kuwaeleza wanachokiona, hata pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza.

Kiongozi wa safari za mapangoni alikuwa kijana mwenyeji, amenizidi miaka minne au mitano. Boti ya injini ya hoteli ilikuwa mikononi mwake. Mtumbwi wa kuingilia mapangoni haukuwa wa hoteli. Ulikuwa wa baba mkwe wake, mzee aliyeishi katika mji mdogo wa kale kusini ya Kilifi, na ni mzee huyo aliyeyajua mapango. Kiongozi alileta wageni kwa boti, mzee akawangoja mdomoni mwa pango, wakaingia wote. Walikuwa wamefanya kazi hivyo kwa miaka miwili bila neno.

Agosti ile neno lilikuwa limeingia. Ramadhani ilikuwa imekwisha majuma mawili kabla. Jioni ya siku ya ishirini na tisa mawingu yaliziba upande wa magharibi na mwezi haukuonekana. Redio ikatangaza kwamba umeandama ng'ambo. Kiongozi na wenzake wengi wa mjini wakaamka kesho yake wakala Idi. Mzee na watu wa mji wake wakafunga siku ya thelathini, kwa sababu kwao mwezi huonwa kwa macho. Asubuhi hiyo kiongozi alivaa kanzu mpya, akachukua sahani ya halua, akaenda ukweni. Alimkuta mzee barazani, midomo imekauka kwa saumu.

"Idi njema, baba," akasema.

Mzee akaitazama ile halua. "Hiyo umeniletea ya kufuturia?"

Tangu hapo hawakuzungumza. Mambo ya kazi walipelekeana kwa midomo ya watu.

Huenda yangeisha yenyewe, lakini mke wa kiongozi alikuwa kwa babake. Alikwenda huko kwa uzazi wa kwanza, kama ilivyo ada, na arobaini yake ilikuwa imetimia. Arobaini ikitimia mume hutuma wazee wake wakamwombe mke na mtoto warudi nyumbani. Kiongozi hakuwa na mzee wa kumtuma. Babake alikwisha fariki, na ami zake walikuwa Lamu. Ilimlazimu aombe mwenyewe, kwa mtu asiyemsemesha. Mwanawe alikuwa amemwona mara mbili.

Asubuhi ya safari tulijaza mafuta pamoja kwenye ufuo karibu na feri. Malori yalikuwa kwenye foleni ya kuvuka, na makuli walikuwa wamelala chini yake.

"Leo namwomba," akaniambia. "Leo leo. Sirudi Kilifi bila mke wangu."

"Si ungemwomba nyumbani kwake, kwa heshima?"

"Nyumbani ana mlango wa kufunga. Kwenye mtumbwi ataufunga mlango gani?"

Wageni walikuwa wawili, mwalimu mstaafu na mkewe. Mume alikuwa na kamera mbili shingoni. Mke alivaa kofia pana na kandambili mpya za ngozi alizozinunua Malindi, na alikuwa na daftari ambalo aliandika kila nilichosema. Hilo lilinitia hofu, maana vingine nilikuwa nabahatisha. Tulitoka kwenye mkono wa bahari, tukapinda kusini, tukafuata ukingo. Kusi, upepo wa kusini, ilikuwa imeanza kuchoka lakini bado ilikuwa na mawimbi yake, na kiongozi alikwenda polepole ili wageni wasilowe. Hakuwa na haraka. Kwake ilikuwa mwezi kumi na saba, na maji yalikuwa na muda mrefu wa kukupwa.

Tulifika saa tano na nusu. Mzee alikuwa ndani ya mtumbwi wake kwenye kivuli cha mwamba, ameushikilia kwa pondo, mti wake mrefu wa kusukumia, akitafuna tambuu.

"Shikamoo baba," kiongozi akasema.

"Marahaba. Mmechukua chakula cha usiku?"

"Cha nini, baba?"

"Maji yalisimama saa tano. Sasa yanarudi. Nimewangoja hapa hata nimeota mwani."

"Hayajarudi bado. Leo mwezi kumi na saba. Tuna robo saa nzima yanakupwa."

"Kumi na saba ya nani?"

"Ya watu, baba."

"Na sisi tuliobaki ni kima? Leo kumi na sita."

Kiongozi alitazama mwamba. Mawimbi yalikuwa yakipanda na kushuka, na kwa mtu asiyetaka kuona haikuwa rahisi kuona. "Huo ni upepo tu," akasema. "Kusi inayasukuma."

"Kusi nayo umeisikia redioni?"

Mwalimu mstaafu aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanajadiliana kuhusu saa, jambo ambalo halikuwa uongo. Sikumwambia kwamba kwa watu hawa wawili saa ilikuwa imefungwa kwenye tarehe, na tarehe kwenye Idi. Kama leo ilikuwa kumi na sita, kiongozi alikula mchana wa Ramadhani, kwa furaha, katika kanzu mpya. Kuyakubali yale maji kungekuwa ni kuyakubali hayo mbele ya mkwewe, siku ambayo alikuja kumwomba.

Mzee alitema tambuu baharini. "Haya. Wageni ni wako, chombo changu. Nitawaingiza. Utakaponiambia tutoke, tutatoka. Mimi sisemi tena."

Tulitia nanga boti nyuma ya jiwe kubwa palipotulia, tukahamia mtumbwini: kiongozi mbele, wageni katikati, mimi nyuma yao, mzee nyuma kabisa, tezini. Mdomoni mwa pango mzee aliinua pondo, tukasimama.

"Hodi!" akaita.

Pango likamrudishia sauti. Akangoja. Akaita tena, akangoja tena, kisha akatusukuma ndani. Mke wa mwalimu aliniuliza anamwita nani. Nikamuuliza mzee.

"Mwambie ukiingia kwa watu unabisha hodi. Kwao hawabishi?"

Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, ndefu kama uzio wa nyumba tatu, na dari lake liliteremka katikati. Tuliinamisha vichwa magotini. Maji yalikuwa yakilamba kuta kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa. Halafu dari likapanda ghafla, tukawa ndani ya chumba kikubwa. Juu palikuwa na tundu, na mwanga ulishuka kupitia humo pamoja na mizizi mirefu ya mti ambao hatukuuona. Popo walijisogeza. Kando palikuwa na kipande cha mchanga na mawe bapa, na juu yake, kwenye kishubaka cha mwamba, vitambaa vyekundu na vyeupe na chupa tupu za marashi zilizoachwa na watu wenye shida zao.

"Wavue viatu," kiongozi akaniambia, "na pale juu wasiguse."

Wageni walivua. Mke aliziweka kandambili zake juu ya jiwe bapa, pembeni mwa maji, akakaa mchangani na daftari lake. Mume alianza kupiga picha. Kiongozi alitoa maneno yake ya kila safari, kuhusu watu wa zamani waliojificha humo na kobe aliyewahi kukutwa amelala, nami nikatafsiri. Aliyasema vizuri lakini macho yake yalikuwa kwa mkwewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi anakata popoo kwa kisu.

Maneno yalipokwisha akamsogelea. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Arobaini imetimia juzi. Nimekuja kumwomba mwenzangu, na mtoto. Sina mzee wa kumtuma, baba, unajua. Nimekuja na uso wangu."

Mzee alitia kipande cha popoo mdomoni. "Arobaini kwa hesabu gani?"

"Kwa hesabu ya vidole. Kazaliwa Jumanne, wewe mwenyewe ukamwadhinia."

"Mtu aliyeila siku ya thelathini," mzee akasema, "ataiacha ya arobaini ifike?"

Kiongozi alirudi kwa wageni akaanza upya hadithi ya kobe. Niliitafsiri tena, na mke wa mwalimu aliinua kalamu, akanitazama, akaishusha.

Nilikuwa nimechagua alama, jiwe dogo jeusi lenye ufa. Tulipoingia lilikuwa kavu. Sasa nusu yake ilikuwa majini. Nikamtazama kiongozi, naye alikuwa analitazama jiwe lilelile, au jingine kama hilo. Kwa saa yangu ilikuwa saa sita na dakika kumi. Kwa hesabu yake, maji yalikuwa ndiyo kwanza yamesimama, na mtu anayefuata hesabu hiyo hana sababu ya kuondoka kabla ya nusu saa nyingine.

Mzee aliniita. "Mwanangu, njoo. Wewe mtu wa bara, Idi yetu hukuila, ya kwanza wala ya pili. Huna upande. Hebu niambie, maji yanakwenda au yanakuja?"

Kiongozi aligeuka. Ningeweza kusema. Nilikuwa na jiwe langu, na lilikuwa limebakiza kichwa tu.

"Mimi bahari siijui, baba," nikasema.

"Hm," mzee akasema. "Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi hapo katikati walikuruka."

Kiongozi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, na mimi nikacheka. Sikujivunia jibu lile, lakini siwezi kusema kwamba lilininyima usingizi. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, na yeye ndiye aliyesema neno jema juu yangu kwa meneja.

Tuliendelea hivyo dakika kadhaa zaidi, watu watatu wakiyatazama maji na kunyamaza, na wawili wasiojua kitu wakifurahia mwanga wa juu. Ni mke wa mwalimu aliyepiga kelele. Alikuwa amesimama, ananyoosha kidole. Kandambili zake hazikuwa juu ya jiwe. Moja ilikuwa imenasa kwenye ufa. Nyingine ilikuwa inaelea, kisigino mbele, na haikuwa inaelekea mdomo wa pango. Ilikuwa inakuja ndani, polepole, ikipita mbele ya kiongozi, mbele ya mkwewe, mpaka ikagonga mchanga kwenye kona ya mwisho ya chumba.

Hakuna aliyeinama kuichukua. Nilisikia mwalimu akimwambia mkewe, kwa sauti ya darasani, kwamba bahari inajaa.

Kiongozi aliifuata ile kandambili, akaiokota, akaikung'uta. Akasimama nayo mkononi.

"Baba," akasema, "tutoke."

Mzee aliangalia dari. "Ndiyo kwanza yamesimama, au siyo?"

"Tutoke, baba. Leo kumi na sita."

Nilitegemea mzee aseme kitu. Alikuwa mtu wa maneno. Badala yake alitia kisu kiunoni, akashika pondo, na sauti yake ikawa ya kazi tu. Wageni walale chini kabisa, chali, mikono ndani. Mimi nilale miguuni pao. Njia ilikuwa imebakiza nafasi ya mkono na nusu kati ya maji na mwamba. Pondo halikuwa na pa kusimama, kwa hiyo mzee alilitupa ndani akaingia majini, akashika tezi. Kiongozi akaingia mbele, maji yakamfika kifuani.

Nilipita chini ya dari lile macho yakiwa wazi. Lilipita karibu na pua yangu, lina vidudu na chumvi. Wimbi lilipoingia mtumbwi ulipanda, mbao ikakwaruza, na mke wa mwalimu akanishika kifundo cha mguu kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake. Tukangoja wimbi litoke. Nilisikia sauti za mzee na mkwewe juu ya kichwa changu na chini ya miguu.

"Ngoja hili."

"Nangoja."

"Sasa. Vuta."

"Navuta, baba."

"Usivute kama punda. Na hili ngoja."

Mara nne tulingoja, mara nne tukaenda. Halafu jua likanipiga machoni.

Nje, mzee alipanda mtumbwini akakaa akihema. Kiongozi alibaki majini, ameshikilia ukingo, nywele zimemlala usoni. Mwalimu alikuwa anachunguza kamera zake moja moja. Hapo ndipo mzee aliposema, bila ukali, kama mtu anayekumbusha jambo la sokoni.

"Basi una siku moja ya kulipa."

"Nitailipa."

"Lini?"

"Kesho nafunga."

"Ukishaifunga, njoo umchukue mwenzako."

Kiongozi alikuwa ameniapia asubuhi kwamba harudi bila mkewe, na kesho ilikuwa kesho.

Chakula cha mchana cha safari ile kililiwa nyumbani kwa mzee kila mara, wali wa nazi na samaki, uani chini ya paa la makuti. Wageni walikula kwa furaha ya watu waliogundua baadaye kwamba waliogopa. Mzee na mkwewe walikula sahani moja, kwa mara ya kwanza tangu Idi, na mzee alikuwa anamsogezea minofu bila kumtazama. Mke wa kiongozi hakuwa pale. Alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Tulisikia mtoto akibembelezwa.

Kiongozi alipomaliza kunawa aliaga. "Basi baba, kesho baada ya magharibi nitakuja."

"Unakuja kufanya nini?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Kukuchukua," kiongozi akalijibu pazia. "Kesho nafunga, halafu nakuja."

Pazia likafunuliwa. Mwanamke mdogo alitoka, buibui limefungwa tayari, mtoto mkononi, na nyuma yake mamake amebeba kapu na furushi la nguo. Alitusalimu mimi na wageni kwa adabu zote. Kisha akamgeukia babake.

"Mimi vitu nimevifunga tangu juzi, baba. Nilikuwa nawangoja nyinyi mmalize kuutafuta mwezi."

"Mumeo ana saumu ya kulipa," mzee akasema.

"Atafungia kwangu, nimwone mwenyewe asile. Nikibaki hapa, nani atamlinda kule?"

"Mwanangu, jambo hili lina—"

"Yeye ana siku moja, mji mzima umeshasikia. Mimi nina mwezi mzima. Nilikuwa mja mzito, kisha mzazi, sikufunga hata mchana mmoja. Natakiwa niulipe wote. Mbona mimi hakuna anayenifungia mlango?" Akamweka mtoto vizuri begani. "Tena mtaniambia nyinyi, nilipe ishirini na tisa au thelathini."

Mamake aligeuza uso akajifuta na ukingo wa leso. Kiongozi alitazama chini. Mzee alikwangua ukoko wa wali kwa kidole, na sisi wengine wote tulikitazama kidole chake, hata Wataliani, ambao hawakujua kwa nini.

"Thelathini," mzee akasema.

"Thelathini," kiongozi akasema, upesi.

"Vyema," binti akasema. "Basi twendeni, maana hawa wageni wana chakula chao cha jioni."

Tuliteremka ufuoni. Maji yalikuwa yamepanda sana, na boti ilibidi isimame mbali kidogo. Mzee alimchukua mtoto kutoka kwa bintiye, akakunja kikoi, akaingia majini mpaka kiunoni na kumpeleka mwenyewe. Alipofika ubavuni mwa boti hakumtoa mara moja. Alimwambia kiongozi aende polepole, apite mbali na mwamba, na mtoto asipigwe na upepo kichwani. Kiongozi aliitikia kila kimoja. Kisha mzee akampa.

Mke wa mwalimu alilifungua daftari lake, akaniuliza yule mzee na yule kijana walikuwa wanagombania nini siku nzima. Nilifikiri kidogo namna ya kuliweka katika Kitaliani changu cha jikoni. Nikamwambia walikuwa wamepoteza siku moja, na sasa wameipata. Aliandika. Kiongozi alikuwa amekaa tezini, mkono mmoja kwenye injini na mwingine umemshika mwanawe kifuani, na alikuwa bado hajaiwasha, kwa sababu hakuwa na mkono wa tatu na hakutaka kumwomba mtu ampokee mtoto. Mwishowe mkewe aliinuka, akapita kati yetu mpaka tezini, akavuta kamba ya injini mwenyewe.